Majina ya Waliokuwa Pangoni

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Anaeli, na kama ilivyo desturi ya ukoo wetu, kalamu iliwapita wasomi wote waliokuja na magari yao kutoka Dar es Salaam, ikatua mkononi mwangu. Mimi ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu. Nimeandika wasifu mwingi kiasi kwamba hesabu imenipotea, na sijisifu nikisema kuwa watu wa huku juu ya Tengeru hunyamaza nikianza kusoma, hata wale wanaosimama nyuma kwenye migomba wakizungumzia bei ya ndizi. Nilisema alikobatizwa, nilisema watoto na wajukuu, nilisema miaka aliyokuwa mzee wa kanisa na jinsi alivyochukia kuchelewa. Sauti haikutetemeka hata mara moja. Lakini jambo kubwa kuliko yote alilonifanyia sikulisoma, kwa sababu mengine hayasomwi mbele ya jeneza. Sasa nimepita miaka sitini, waliohusika karibu wote wametangulia, na mimi sina tena wa kumwomba ruhusa. Nitaliandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo na kuitwa jeshini. Kusubiri hakunifai. Nilikuwa nimeshapaka chokaa mawe yote ya njiani, nimeshagombana na kila dada, na mama alikuwa anaomba waziwazi kwenye sala ya chakula nipatiwe shughuli. Shughuli ilitoka kwa baba mkubwa Nderingo, kaka yake baba na mwenyekiti wa kamati ya ukoo. Sebule yake naiona hadi leo: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa iliyobaki mwezi wa Agosti kwa sababu picha ya Agosti ilikuwa nzuri, chupa mbili za chai, na harufu ya nta ya sakafu iliyokuwa inakutelezesha ukiingia na soksi. Wazee saba walikuwa wamekaa. Baba mkubwa alininyooshea daftari jipya la jalada gumu. “Aishieli, wewe una mwandiko,” alisema. “Siku ya Mavuno tunataka kusimamisha jiwe la kumbukumbu ya watu wa pangoni. Tafuta majina. Yote. Lakini la kwanza unalijua.”

Nililijua, kila mtoto wa kwetu alilijua kabla ya kujua alfabeti. Zamani, Mjerumani akiwa bado hajapanda huku, Waarusha na Wameru walipigana. Vilikuwa vita vya watu waliokuwa wameoana, waliobadilishana ndama na mbegu za maharage, wanaokaa mlima mmoja. Kwa hiyo viliuma kama ugomvi wa ndani ya nyumba. Watu wa ukoo wetu walipanda na ng'ombe wao hadi kwenye pango moja juu msituni, na vijana wa Kiarusha wakawazingira huko siku nyingi, wakisubiri kiu iwatoe. Na mlangoni mwa pango, kwa masimulizi ya baba mkubwa, alisimama babu yake, yule Nderingo wa kwanza ambaye yeye alirithi jina lake, na mkuki mmoja na ngao moja, akazuia jeshi zima. Baba mkubwa alipofika hapo alikuwa anasimama na kuonyesha kwa kijiko cha chai. Kwa ajili ya hadithi hiyo alikuwa hali chakula katika nyumba ya Mwarusha. Kwa ajili ya hadithi hiyo pia, nadhani, alikuwa mwenyekiti. Mzee Anaeli alikuwa amekaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kofia juu ya goti, macho nusu yamefungwa. Nilidhani anasinzia.

Niliianza kazi kwa ubishi wote wa msichana wa miaka kumi na tisa aliyefaulu historia. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilinilisha, maana kwetu huwezi kumwuliza mtu habari za babu yake ukiwa na njaa. Nilikula mtori, nilikula kiburu, nilikula makande hadi mama akasema utafiti huu unanenepesha. Mbinu yangu ilikuwa rahisi, na naijivunia hadi leo. Majina peke yake hayafai kitu kwetu, kwa sababu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake, hivyo majina yanarudi: Nderingo anamzaa Ndekirwa, Ndekirwa anamzaa Nderingo, na baada ya vizazi vitatu hujui unazungumza na nani. Lakini kila mwanamume ana rika. Vijana waliotahiriwa majira yale yale hupewa jina la rika moja, wanalibeba hadi kaburini, na marika yanafuatana kwa mpangilio ambao Wameru na Waarusha wanaujua kwa pamoja. Basi nilipiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto jina, kulia rika. Kwa Nderingo wa pangoni, baba mkubwa mwenyewe aliniambia bila kusita: “Talala. Andika kwa herufi kubwa.”

Nyumbani kwa Mzee Anaeli nilikwenda mara mbili na mara zote mbili nilitoka na tumbo lililojaa na ukurasa mtupu. Yeye alinisimulia habari za kahawa, za mchungaji wa kwanza aliyekuwa na baiskeli, za nduguye aliyehamia Kikatiti akafungua duka. Pangoni hakufika. Mara ya pili, nikiwa jikoni namalizia bakuli langu, nilimsikia mkewe akimwambia uani, kwa sauti ya mtu anayedhani ukuta wa mbao ni wa mawe: “Huyu mtoto atafukua mpaka afike pabaya.” Naye akajibu, “Mwache. Mbuzi hula urefu wa kamba yake.” Nilichukia. Nilijiambia kwamba wana wivu, kwa kuwa wao hawakuwa na shujaa wa kumsimamishia jiwe. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri, na sitajipaka mafuta leo kwa kuwa nimezeeka.

Aliyenifikisha mwisho wa kamba alikuwa Naserian, Mwarusha tuliyekuwa tunalala kitanda cha juu na cha chini miaka yote miwili ya bweni. Aliniandikia kwamba bibi yake, Koko Nembris, alizaliwa na baba aliyekuwa miongoni mwa vijana waliolizingira pango, na kwamba anasimulia kila akipewa ugoro. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda sokoni Tengeru. Nilikwenda hadi mjini Arusha, nikapanda upande wa pili wa mlima nikiwa na kopo la ugoro mfukoni, nikijisikia msaliti na mpelelezi kwa wakati mmoja, na nikifurahia yote mawili.

Koko alikuwa amekaa juu ya kigoda mlangoni, mdogo, masikio yake marefu yamekunjwa juu. Nilisema shikamoo na nikainamisha kichwa kama Naserian alivyonifundisha. Akanigusa utosini kwa kiganja kikavu. “Mmeru,” alisema, si kwa ubaya, kama mtu anayetambua mbegu ya mahindi. Tulipewa loshoro kwenye vibuyu, mahindi na maziwa mgando, baridi na chachu, na nilipomaliza kibuyu changu nilishtuka kugundua kuwa ni chakula kile kile ambacho mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, alikuwa akipika kila Jumamosi. Baba mkubwa alikuwa anakila akikisifu kama chakula cha Wameru halisi. Nilicheka peke yangu.

Nikamwuliza Koko habari za Nderingo aliyezuia mlango. Akavuta ugoro, akafikiri. “Rika gani?”

“Talala, Koko.”

Alinitazama kwa huruma. “Talala? Vita ile walipigana waliowatangulia Talala. Rika la baba yangu. Talala wakati huo ni watoto. Wengine wanachunga ndama, wengine wako mgongoni kwa mama zao. Nani kakwambia Talala alishika mkuki pale?”

Nilifungua daftari. Sikuhitaji, lakini nilihitaji mahali pa kutazama. Mstari wangu ulikuwa pale katikati ya ukurasa, na upande wa kulia neno Talala kwa herufi kubwa kama nilivyoagizwa. Shujaa wetu, kama alikuwa pangoni, alikuwa ananyonya. Na juu yake kwenye ukurasa huo huo kulikuwa na nafasi ya baba yake, ambaye jina lake nililijua kwa kanuni tu: kama mjukuu ni Ndekirwa, basi babu naye ni Ndekirwa. Hakuna mtu hata mmoja, katika nyumba zote nilizokula, aliyewahi kunitajia habari zake.

“Kulikuwa na Ndekirwa?” niliuliza.

“Huyo alikuwa wetu,” Koko alisema. “Mmeru, lakini alitahiriwa na sisi. Vijana wenu wengi walikuja hivyo, walitaka rika lenye nguvu. Alikuwa rafiki wa baba yangu, wakila nyama pamoja. Yeye ndiye aliyewaonyesha kijito. Pango halina maji, walio ndani sharti washuke. Vijana wetu wakakaa pale kwenye majani. Wakashuka watu wanne na vibuyu, asubuhi, wakauawa hapo hapo.” Alisema hivyo akiwa ananitazama, bila kushusha sauti. “Halafu siku nyingine akashuka mwanamke ana mtoto mgongoni. Ndekirwa akasimama katikati ya majani. Akawaambia wenzake, huyu ni mke wangu na huyo ni mwanangu, atakayetupa mkuki aanze na mimi. Mwanamke akajaza kibuyu, akapanda. Basi. Rika likamkataa. Mtu wa rika hali nyama peke yake, na wenzake hawakukaa tena kula naye. Baba yangu alikuwa analia akilisema hili. Alisema, tulimkataa kwa kuwa alifanya vizuri, tulipaswa kumkataa alipofanya vibaya.”

Nilirudi nikiwa nimeshika daftari kifuani. Sitasema kwamba nilihuzunika, ingependeza lakini si kweli. Nilisisimka. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo wazee saba na chupa mbili za chai hawakuligundua, na njia nzima nilikuwa napanga sentensi ya kulitangaza. Ujana una ukatili wake, na wa kwangu ulikuwa na mwandiko mzuri.

Baba mkubwa alikuwa mezani na sahani ya ndizi na nyama. Nilisimama nikamsomea yote, tangu rika hadi kijito. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye wale wanne alisukuma sahani taratibu, kama mtu anayeogopa kuivunja. Kisha akalipuka. Alisema nimekwenda kunywa uongo wa Waarusha, alisema nifute, alisema elimu ya siku hizi inafundisha watoto kuwavua wazee nguo. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, hajui amimine au aondoke. Nami nilikuwa na jibu, daima nilikuwa na jibu. “Baba mkubwa, wewe mwenyewe ulisema Talala.”

 Alikuwa na makelele mengi lakini hakuwa mwongo, na rika ni kitu ambacho mzee wa kwetu hawezi kukibishia; ni kama kubisha kuwa Jumanne inafuata Jumatatu. Nilimwona akihesabu kwa vidole chini ya meza. Alihesabu mara ya pili. Kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: “Wale wanne wa kijitoni. Ni wa nyumba gani?”

Koko alikuwa ameniambia hata hilo, maana baba yake alikuwa akiitaja nyumba hiyo. Ilikuwa nyumba ya akina Anaeli.

Siku tatu baba mkubwa hakutoka chumbani isipokuwa kukamua ng'ombe. Nilimsikia mama mkubwa akimwambia mama yangu jikoni kwamba anaogopa, kwamba mzee anasema atajiuzulu uenyekiti, atahamia Momela kwa mwanawe akafie huko asikojulikana. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilimpenda mtu yule. Alinilipia safari yangu ya kwanza ya bweni, alinibeba mabegani nikiwa na surua hadi zahanati, na mimi nilikuwa nimemsomea aibu yake akiwa anakula. Nilitaka kwenda kumwambia kwamba Koko amezeeka, huenda amechanganya. Sikwenda, kwa kuwa Koko hakuwa amechanganya.

Siku ya nne alinigongea dirisha. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na mkononi ameshika jani la sale. Kwa asiyetoka huku nitaeleza: masale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini, na jani lake ndilo neno letu la msamaha. Mtu akikukosea hata akamwaga damu, akija na jani la sale mkononi, huwezi kumfukuza. Sharti umsikilize, na ukilipokea umesamehe. “Chukua daftari,” alisema. “Umelifukua wewe, utashuhudia.”

Tulimkuta Mzee Anaeli uani akipukuchua mahindi. Baba mkubwa alisimama mbele yake. Miaka yote nilikuwa nimemwona akiwasimamia watu. Siku hiyo nilimwona akisimama tu. Alieleza kwa maneno machache, Kiswahili kwanza, kisha Kimeru, Kiswahili kilipomshinda. Alisema yeye ni damu ya Ndekirwa aliyeonyesha kijito, na kwamba amejisifu mbele ya wenye wafu wao muda wote huu, na hakujua. Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Mzee Anaeli hakulipokea. Aliendelea kukaa na gunzi mkononi, na moyo wangu ukaniambia yamekwisha, nimeuvunja ukoo.

“Siwezi, Nderingo,” alisema. “Lilikwisha pokelewa.”

Akatueleza, akichagua punje zilizooza huku akisema. Ndekirwa, alipokataliwa na rika lake, alirudi kwao na jani la sale na kondoo, akapiga magoti kwa babu wa Mzee Anaeli, na babu huyo akapokea. Jambo lililopokelewa kwa masale halinyanyuliwi tena. Aliyelipokea halisemi, watoto wake hawalisemi, na aliyesamehewa hatajwi kwa ubaya wake hadi dunia iishe. “Baba yangu aliniambia mara moja tu, ili nijue cha kutosema,” alisema. “Wewe ulipoanza na mkuki wako mlangoni, ningekukosoaje bila kumtaja? Nikakaa. Nikanywa chai.”

“Miaka yote hiyo?” baba mkubwa aliuliza.

“Chai ilikuwa nzuri.”

Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo kama nilikosea. Wapo wanaosema ndiyo. Mama yangu alikufa akiamini hivyo. Kwa desturi nilikosea, hilo sibishi: nilinyanyua kilicholazwa, na nilikisoma kimya cha watu kuwa ni ujinga wao kumbe ni ahadi yao. Lakini sikubali kwamba ingekuwa bora jiwe lisimame na uongo, na yule mzee aketi mbele yake kila siku ya Mavuno na kofia gotini. Nilishawahi kumwambia Mzee Anaeli hivyo, miaka mingi baadaye. Alicheka, akasema kwamba nina kichwa kigumu kama cha Ndekirwa, kisha akashtuka kwamba amemtaja.

Siku ile uani, baba mkubwa alibaki na jani mikononi, hana pa kulipeleka. Mimi nilifungua daftari ili angalau nionekane nina kazi, na macho yangu yakapita kurasa zote zile: majina, marika, vizazi vya nyumba yetu vimepangwa kama askari. Nikaona nilichokuwa sijakiona. Siku zote hizi nimeuliza habari za pango, nimekula katika nyumba hii mara mbili, nimejua hata idadi ya waliouawa, na sikuwa nimemwuliza mtu yeyote waliitwa nani. Aibu ilinishika kuanzia masikioni.

“Baba,” nilisema, na hakuwa baba yangu, “wale wanne waliitwa nani? Au nao hawatajwi?”

Mzee Anaeli aliweka gunzi chini. Mkewe akatoka jikoni akasimama, mikono ina unga.

“Aliyewaponza ndiye hatajwi,” alisema. “Wao hakuna aliyewakataza. Hakuna aliyeuliza tu.”

Akaanza kuwataja polepole, nami nikaandika, na kwa mara ya kwanza mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Alikuwepo Kaaneli na mdogo wake Mbaruo, alikuwepo mke wa Mbaruo aliyeitwa Ndeanka, na alikuwepo binti mmoja, Nsia, ambaye hakuwa ametumwa maji, aliwafuata tu. Baba mkubwa Nderingo, mwenyekiti, akiwa bado amesimama juani na koti lake la kanisani, aliyarudia majina yale kwa sauti kama mtoto wa kipaimara. Alikosea mpangilio, Mzee Anaeli akamsahihisha, akaanza tena, mpaka akayashika yote manne.